Simu Yako Inalijua Geti Lako: Mwongozo wa Faragha kwa Mkazi wa Bunju

Ukiishi Bunju na riziki yako iko Kariakoo au Posta, unatoka nyumbani kiza hakijaisha na unarudi kiza kimeshaingia. Ni kilometa 30 na ushee za Barabara ya Bagamoyo, na foleni haikuulizi kama umechoka. Mchana kutwa nyumba inabaki na dada wa kazi na watoto, au inabaki peke yake. Sasa fungua simu uangalie ulichoweka kwenye stetasi wiki hii. Saa kumi na moja alfajiri: "Mungu tutangulie, safari ya mjini." Saa saba mchana: sahani ya pilau, Kariakoo. Jumapili: makochi mapya sebuleni, na kwa mbali dirishani geti jeusi la mbele. Aliyeziangalia zote tatu anayo ratiba yako, anajua kilichomo ndani na anajua aingilie wapi.

Watu wakisikia habari za faragha mtandaoni humfikiria mdukuzi aliyejifungia chumbani huko Ulaya. Yupo, lakini si wa kumhofia kwanza. Kwenye vitongoji vyetu vya pembeni, Bunju, Boko, Mabwepande, anayeweza kukudhuru kwa taarifa zako mara nyingi ni mtu anayefika kwako kwa bodaboda ya buku. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia getini na kwenda mbele taratibu. Makampuni makubwa yatasubiri zamu yao.

Wanaoiona stetasi yako

Stetasi ya WhatsApp huonekana na wale uliohifadhi namba zao nao wakahifadhi yako. Inasikika salama mpaka uhesabu waliomo. Yumo fundi bomba aliyekuja mara moja, dereva wa kirikuu aliyeleta tofali, dalali wa kiwanja, vijana wa kijiwe cha bodaboda, na binti wa kazi mliyeachana kwa maneno. Wote umewasevu, wote wamekusevu, na wote wameshafika kwako.

Ingia kwenye Mipangilio, kisha Faragha, halafu sehemu ya stetasi. Zaidi ya kuwaonyesha wote, utapewa njia mbili: kuwatoa watu fulani, au kuchagua wachache tu watakaoona. Chukua ya pili. Ukijaribu kuwatoa mmoja mmoja utachoka kabla hujafika herufi F, maana huko ndiko mafundi wote walikosajiliwa. Ukiwa hapo hapo, weka picha yako ya wasifu ionwe na unaowasiliana nao tu, na ueleze simu kwamba si kila mtu anaweza kukuingiza kwenye kundi.

Sisemi usiposti nyumba. Mtu aliyejenga Bunju kwa miaka minane, msingi mwaka huu, bati mwaka ule, madirisha baada ya kikoba kuvunjwa, ana haki ya kuringa kidogo. Ringa na sebule, acha geti. Kwenye picha kata pia kibao cha anwani ya makazi kilichokuja na ile operesheni ya 2022, kwa sababu kazi yake ni kumfikisha mtu mlangoni, awe mgeni wako au asiwe.

Na uposti ukisharudi. Kila Desemba nusu ya mtaa huenda Moshi, na safari nzima hutangazwa hatua kwa hatua: familia ndani ya gari, picha ya Msata, picha ya Segera, nyama ya Mombo. Anayefuatilia anajua saa ngapi mmekuwa mbali kiasi cha kutoweza kugeuza. Zihifadhi, uziweke zote Januari. Picha za mbege hazichachi.

Kundi la mtaa

Bunju ni mahali pa wahamiaji. Wengi tumekuja kutoka Sinza, Magomeni, Temeke, na jirani unamjua kwenye WhatsApp kabla hujamjua kwa sura. Kundi la mtaa linafaa sana: maji ya DAWASA yakikatika unajua si kwako tu, mbwa akipotea anapatikana, msiba unapata watu. Mimi siwezi kukushauri utoke.

Ila angalia waliomo. Kuna wapangaji waliohama zamani na kuhamia Mbagala, hawajatolewa. Kuna madalali watatu. Kuna namba isiyo na jina wala picha ambayo haijawahi kusema neno. Sasa mtu anaandika hapo: "Majirani, nasafiri wiki mbili, naomba mnitupie jicho nyumbani." Ombi zuri, limepelekwa mahali pabaya. Ombi hilo mpelekee jirani wa kushoto, wa kulia na mjumbe, kwa mdomo.

Orodha za michango nazo ni hazina ya matapeli. Jina, namba ya simu na kiasi ulichotoa, vinanakiliwa na kubandikwa upya kila anapochangia mwingine, mpaka orodha inatoka nje ya kundi. Siku mbili baadaye unapigiwa na mtu anayejua mtaa una mradi wa kifusi, anajua wewe uliahidi elfu hamsini ukatoa ishirini, na anakwambia namba ya mweka hazina imebadilika. Hakuna udukuzi hapo, kasoma tu. Mweka hazina aandike "amepokea" bila namba za watu, na wewe usitume pesa kwa namba mpya kabla hujamsikia mwenyewe kwa sauti. Jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri limewekwa kwa ajili hiyo, lisome.

Sasa jambo zito. Kamera za ulinzi zimekuwa nyingi, na kila mwezi kundi hupokea kipande cha video: kijana kofia kichwani amesimama nje ya geti la mtu, juu yake pameandikwa "MWIZI HUYU, MKIMUONA." Inawezekana ni mwizi. Inawezekana pia ni mtu anayetafuta nyumba ya shangazi yake, kwa sababu mitaa yetu hata wenyeji hutupoteza. Hapa kwetu mtu akiitiwa mwizi hapewi muda wa kujieleza, na tairi halisubiri uchunguzi. Video kama hiyo mpelekee mwenyekiti wa mtaa au polisi, iishie huko. Ukiisambaza na ikawa uongo, ujue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo: faini isiyopungua Sh5 milioni, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Hata ukinusurika na sheria, utaishi na uso wa yule kijana.

Kama wewe ndiye admini, fanya usafi. Pitia majina na mwenyekiti wa mtaa, toa waliohama, zuia wengine wasiongeze watu. Linki ya kujiunga ikishabandikwa Facebook, ifute utengeneze nyingine.

"Nitumie lokesheni"

Bunju bila lokesheni hufikiwi. Lakini si lazima kila aletaye kitu ajue chumba chako. Kwa boda wa mara moja, tuma alama ya mahali panapojulikana, kituo cha Bunju A, sokoni, shuleni, mkutane hapo. Lokesheni inayotembea na wewe ina muda wa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua mfupi, na umpe mtu wa nyumbani wakati unarudi usiku, hapo ndipo ina faida kubwa.

Hili linawahusu zaidi kina mama na vijana wanaouza mtandaoni, keki, kuku wa kisasa, mitumba ya daraja la kwanza. Biashara inataka ujulikane, na ushauri wa "jifiche" hauwafai. Kinachowafaa ni kutenganisha: laini ya biashara peke yake, WhatsApp ya biashara, na mahali pa kukabidhi mzigo pasipo nyumbani. Mteja hana haja ya kuona stetasi ya mwanao anavyoanza darasa la kwanza.

Sare ya shule

Tukishamtaja mtoto: picha ya siku ya kwanza shuleni inaonyesha nembo ya shule, jina kwenye begi, na mara nyingi namba ya basi. Mtu akimsogelea mtoto huyo akamwita kwa jina na kumtajia shule yake, mtoto atamwamini. Funika nembo, au piga picha kabla hajavaa sweta.

Shule nazo hupenda kutangaza kwa sura za watoto wetu. Kenya walishachoka na hilo: Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa taarifa iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4.55 milioni za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa hiyo ukijaza fomu ya kujiunga, kipengele cha picha kisome, na kama hutaki andika hutaki. Huhitaji kugombana na mwalimu mkuu. Barua ya mistari minne inatosha.

Mkopo wa dakika tano

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapovuliwa nguo hadharani. Programu inakwambia: Sh50,000 sasa hivi, hakuna dhamana. Dhamana ipo. Unapobonyeza "ruhusu" ili isome majina yaliyomo kwenye simu, umeweka rehani ukoo wako. Ukichelewa siku moja, mama mkwe anapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli, bosi anapata, mchungaji anapata, na picha yako ya kitambulisho inazungushwa ikiwa na maandishi mekundu. Wengi hulipa mara mbili kwa aibu tu, bila kujua deni halisi lilikuwa kiasi gani.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni. Kenya, katika maamuzi yale yale ya Septemba 2023, kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa karibu Sh3 milioni za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu kutuma vitisho. Google nayo, tangu mwishoni mwa Mei 2023, imezikataza programu za mikopo binafsi zilizomo Play Store kusoma namba na picha za mteja. Ndiyo maana ukiletewa linki ya kupakua nje ya Play Store, hiyo linki yenyewe ni jibu.

Ukikopa, kopa kwa anayetambuliwa na Benki Kuu. Ukishaingia mtegoni, usiishie kufuta programu, maana majina yameshachukuliwa. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, uondoe ruhusa zote ulizoipa, ndipo uifute. Kisha watangulie: waandikie ndugu na wenzako wa kazini kwamba mtapata ujumbe kuhusu mimi, msijibu, msilipe, nihifadhieni. Aibu ukiitangaza mwenyewe, mkopeshaji anabaki na silaha isiyo na risasi. Na kila ujumbe wa tusi upige picha ya skrini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ina kifungu cha 23 kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni.

Steshenari, fundi simu na namba ya NIDA

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kama namba ya siri ya pesa zako ni mwaka wako wa kuzaliwa, basi kila uliyempa NIDA ameshaijua. Ibadilishe leo, kabla hujamaliza kusoma.

Nakala za kitambulisho huvuja zaidi steshenari. Unatuma picha kwa WhatsApp ya pale, kijana anaifungua kwenye kompyuta, anachapa, unalipa, unaondoka. Faili lako linabaki pamoja na vyeti vya kuzaliwa na mikataba ya viwanja ya mtaa mzima. Simama pale, mwombe afute mbele yako, na alifute pia kwenye pipa la takataka la kompyuta. Na kwenye nakala yenyewe andika kwa kalamu, kupita juu ya maandishi: "Kwa ajili ya mkataba wa pango tu," na tarehe.

Fundi simu akikuomba namba ya siri ya simu kwa ajili ya kubadilisha kioo, kaa naye afanye mbele yako. Kama lazima uiache, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Ukirudishiwa, angalia kwenye WhatsApp sehemu ya vifaa vilivyounganishwa; ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe.

Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa, na usajili huo ulifanyika barabarani chini ya miavuli, ambako vidole vya baadhi ya watu vilisajili laini zaidi ya moja bila wenyewe kujua. Piga *106# uone namba zilizoko kwenye kitambulisho chako. Ukikuta ngeni, nenda duka la kampuni husika na NIDA yako waifute, kwa sababu ikitumika kutapeli, jina litakalosomeka ni lako. Kwa usajili huo huo, usijidanganye kwamba akaunti yenye jina la bandia inakuficha. Maxence Melo, mwenye jukwaa la mtandaoni la Jamii Forums, alikamatwa Desemba 2016 na kuzungushwa mahakamani miaka kadhaa kwa kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Aprili 2020 akatiwa hatiani katika shauri moja na kutozwa faini ya Sh3 milioni. Yeye alikubali kuumia. Usitegemee kila mwenye jukwaa atafanya hivyo kwa ajili yako.

Wanaokula muda wako

Makampuni makubwa sasa. Facebook, Instagram na WhatsApp ni za Meta, na zaidi ya asilimia 95 ya mapato yake ni matangazo. Mwenye kuuza matangazo anataka uendelee kutazama, basi. Ndiyo maana TikTok haina ukurasa wa mwisho, na ndiyo maana simu hukuita kukwambia mtu usiyemjua amepata mtoto. Faragha na uraibu ni biashara moja: kadiri unavyokaa, ndivyo unavyojulikana.

Sina miujiza. Zima arifa za kila programu isipokuwa simu na ujumbe wa watu wako. Nyamazisha makundi moja kwa moja, utayafungua wewe ukitaka. Safari ya daladala ya Makumbusho hadi Bunju ndiyo inayomaliza bando za watu wengi. Pakua kitu kimoja nyumbani, hotuba, mpira, taarabu, uzime data. Usingizi nao unaruhusiwa, ila simu iwe mfuko wa ndani.

Likishatokea

WhatsApp ikichukuliwa, mara nyingi ni kwamba ulitoa tarakimu sita za uthibitisho kwa mtu aliyejifanya jirani, au kiongozi wa kikoba. Sajili namba yako upya mara moja. Msimbo mpya utakuja kwako na mwizi atatolewa. Akiwa ameweka PIN yake, utasubiri siku 7, lakini naye hatakuwa ndani. Wapigie watu kwa simu ya kawaida uwaambie wasitume pesa. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, jambo ambalo ungeweza kulifanya sasa.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" utume kwenda 15040, bure, ukishajibiwa uandike namba ya tapeli. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro kuongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu, kwa hiyo mwenye nyumba wako anayedai kodi huenda hajawahi kuikanyaga Bunju.

Picha zako za faragha zikivuja, ile wanayoiita koneksheni, usilipe anayetishia. Malipo ya kwanza humwonyesha kwamba unaweza kulipa. Hifadhi ushahidi, ripoti akaunti, nenda polisi. Na ukiletewa za mwenzako, ziishie kwako. Agosti 2024 video ya binti wa Dar es Salaam akifanyiwa ukatili ilizunguka nchi nzima, na Septemba 30 mahakama Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Wengi waliituma kwa wengine. Huruma iliyoandikwa juu ya video haimfichi aliyemo ndani yake.

Kituoni nenda na picha za skrini zilizochapwa, zenye namba, tarehe na saa, pamoja na muhtasari wa malipo kama pesa ilitoka. Omba namba ya RB, usiondoke bila hiyo. Kama aliyekukosea ni taasisi, shule, mkopeshaji, mwajiri au duka, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Aprili 3, 2024. Iandikie taasisi kwanza, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, nakala hiyo ndiyo utakayoiambatanisha kwenye malalamiko yako kwa Tume.